Picha Safi ya Boma la Kasanga

Ndugu zangu, kila anayeingia studio kwangu anauliza swali lile lile: "Deo, ile picha ya ziwa uliyoifuata Kasanga iko wapi? Mbona huitundiki?" Wengine nimewajibu kwa mzaha, wengine nimewanunia, na juzi nilimjibu mteja vibaya hadi akaondoka bila kuchukua picha zake za pasipoti. Haifai. Nimekaa niandike yote mara moja. Msome, mnicheke au mnihurumie, ila msiniulize tena.

Kaengesa

Safari ilianzia kwa bibi yangu, mzaa mama, Bibi Yustina. Anaishi Kaengesa, nyumba ya tatu ukishapita kanisa, na bado analima, ingawa siku hizi analima kwa kupapasa. Jicho la kushoto lilishafumba. La kulia linaona mchana tu, tena akiwa mlangoni penye mwanga, na daktari alishamwambia kwamba nalo halitakaa sana.

Miaka mitatu iliyopita aliniita akaniketisha. Bibi huniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao.

"Mume wangu," akasema, "wewe umempiga picha kila bibi harusi wa Sumbawanga. Mimi umenipiga lini?"

"Si Krismasi tu hapa, bibi? Na gauni lako jipya."

"Sitaki yangu. Nataka ya babu."

Aliyemtaja ni babu yake yeye, Lusambo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walimkuta shambani anavuna ulezi, wakamtwisha mzigo na kumshusha pamoja na wenzake hadi Kasanga, kwenye boma lao la kando ya Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaja, pakapigwa mizinga, na wapagazi ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wakafia humo. Lusambo hakurudi. Shamba lake lilivunwa na mkewe.

"Nataka nipaone mahali alipolala," bibi akaniambia, "kabla jicho hili halijanikimbia. Kufika siwezi tena. Niletee kwa picha."

Nikasema sawa, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na harusi. Iliyofuata ikawa na komunyo ya kwanza, kisha kipaimara, kisha mahafali, na nyinyi mnajua mambo yangu, neno kesho haliniishi mdomoni. Miaka mitatu, jamani. Mwaka huu nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anachagua maharage kwa vidole, uso ameelekeza ukutani, hata hayaangalii. Aibu ilinishika hapo hapo. Nikafunga studio, nikabeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu, nikaondoka.

Sumbawanga hadi Matai

Jirani yangu Osca ana fuso na hufuata dagaa Kasanga. Alinipandisha mbele kwa sharti moja, kwamba nisilale, kwa sababu abiria akilala na yeye hupata usingizi. Ilikuwa mwezi wa saba. Baridi ya Ufipa mnaijua: nilivaa makoti mawili na kofia ya sufu, na bado meno yaligongana. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, yamebaki mabua ya mahindi na upepo.

Kabla hatujafika mbali tukakuta ng'ombe wametanda barabarani, kundi zima la wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku. Osca akapiga honi, ng'ombe wakamtazama. Akapiga tena, dume moja likageuka likaja upande wetu. Osca akakata usukani, tairi la nyuma likaingia mtaroni, na springi ikakatika. Tuliisikia wote wawili. Osca alishuka, akachungulia chini ya gari, akarudi kukaa nyuma ya usukani.

Mwenye ng'ombe, Mzee Masanja, alikuja na fimbo yake. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Kumbe ameona kamera.

"Mmetumwa kuhesabu ng'ombe?" akauliza.

"Hapana, mzee. Shikamoo. Mimi ni mpiga picha wa mjini tu."

"Marahaba. Na waliokuja safari ile walisema hivyo hivyo. Mwezi haujaisha, tukaambiwa tuhame."

Nilimwonyesha picha za harusi kwenye kamera hadi akalegea. Alipolegea, alilegea kweli. Mkewe akatuletea ugali na maziwa ya mgando, tukala chini ya kivuli cha fuso letu bovu, na mzee akataka apigwe picha na lile dume lililotutia mtaroni. Nikampanga vizuri. Mbwa wake akaja akakaa katikati yao. Nikamfukuza, akarudi. Nikamfukuza tena.

"Mwache," Mzee Masanja akasema. "Huyo ndiye anayefanya kazi."

"Anaharibu picha, mzee. Mimi napenda picha safi."

Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la ajabu, lakini akamwita mkewe amshike mbwa. Nilipiga picha nzuri sana, mtu na dume lake na mbingu. Nimeichapisha, bado naitafutia njia ya kumfikishia.

Matai

Tulivutwa na trekta hadi Matai. Fundi akasema springi ya fuso lile haipo, mpaka iagizwe Sumbawanga, huko huko tulikotoka. Osca akaagiza. Ikaletwa ya gari jingine. Akaagiza tena. Siku mbili tulikaa Matai tunaangalia barabara.

Kwa mama lishe mmoja pale tulipewa ugali wa ulezi na maharage, mweusi na mzito, wa kushika tumbo hadi jioni. Mimi ambaye mjini nakula chipsi, nilikula kama mtoto aliyerudishwa nyumbani. Osca alipiga soga. Alikuwa na habari nyingi za Kasanga, na zote ziliishia kwenye mali ya Mjerumani. Nyinyi mmezisikia: kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya dhahabu, na mpaka leo watu wanakuja na vipimo na ramani kuchimba kwenye kila ukuta wa kale.

"Hiyo stendi yako ifiche," akanionya. "Watakudhania mchimbaji."

Nilicheka. Sasa naona kwamba maneno yale yaliniingia vibaya, maana tangu hapo nilijiandaa kukutana na watu wanaowaza dhahabu, na nilipokutana na mtu anayewaza kitu kingine sikumtambua.

Kushuka Kasanga

Ukitoka Matai unateremka, na kila kona ya barabara unavua nguo moja. Nilivua kofia, nikavua koti, nikavua na la pili. Mara ziwa likatokea chini, limejaa kutoka upande huu hadi upande ule. Osca alipunguza mwendo bila mimi kumwomba.

Tulifika mchana. Osca akaenda kununua dagaa wake, nami nikapanda kwenye rasi lilipo boma. Zimebaki kuta, nyingine zimefika kifuani, nyingine zimelala. Nyasi zimeota ndani ya vyumba. Chini yake wanawake walikuwa wameanika dagaa mchangani na mtu alikuwa akishona nyavu huku redio yake inaimba chinichini. Nilisimama nikajiuliza walipigania nini hapa. Pametulia mno. Ukipiga chafya unajisikia mkosaji.

Mwanamke mmoja wa makamo aliacha dagaa wake akanifuata hadi juu. Anaitwa Mama Tabu, na nyumba yake ndiyo ya karibu kabisa na boma.

"Hicho kidude cha miguu mitatu ni cha kupimia nini, kaka?"

"Si cha kupimia, mama. Ni cha kusimamishia kamera."

"Wa mwaka jana nao walisema wanapiga picha. Walichimba mashimo saba, wakatuachia tufukie."

"Mimi sitafuti mali ya Mjerumani, mama. Nataka picha ya boma na ziwa tu."

"Haya. Piga. Ila upande ule wa mawe usiguse kitu."

Upande wa mawe palikuwa na safu ya mawe mekundu mekundu, yapata thelathini, makubwa na madogo, yameanzia kwenye ukuta wa kusini yakafuata ukingo wa mteremko. Nilicheka moyoni. Nikajisemea, hata huyu anaamini kuna sanduku chini yake, ndiyo maana analinda. Nikamwitikia ndiyo, mama, kwa adabu zote.

Ningemwambia neno moja tu, kwamba nimekuja kwa ajili ya babu wa bibi yangu aliyekufa hapa, mambo yangekwenda vingine kabisa. Sikusema. Nilijiona mtu wa mjini niliyekuja kikazi. Haikunijia kwamba pale mimi ni mfiwa.

Bomani

Asubuhi yake niliwahi. Pale jua hutokea nyuma ya milima, kwa hiyo maji huanza kung'aa ng'ambo kwanza, kisha mwanga unakuja taratibu hadi miguuni mwako. Niliweka kamera kusini mwa boma, ukuta upande wa kulia, ziwa lote upande wa kushoto. Nikapiga tatu nne za kujaribu. Nzuri, lakini mawe yale mekundu yalikatiza mbele kama kifusi alichoacha fundi. Nilisogea huku, yapo. Nikasogea kule, yapo.

Nikatazama chini. Wanawake wote walikuwa ufukweni wanapokea mitumbwi ya dagaa, na Mama Tabu akiwa mbele yao. Mwanga ulikuwa unakaribia. Nikajiambia ni dakika chache tu, nitapiga, halafu nitayarudisha. Basi nikayaondoa. Madogo nikayatupia nyasini, makubwa yakaviringika kwenye mteremko, mengine yakaishia majini. Kisha, kwa kuwa kadi yangu ni ndogo, nikafuta zile picha za kujaribu ili nipate nafasi. Ndivyo ninavyofanya kazi siku zote, mbovu nafuta papo hapo.

Nilipiga zaidi ya mia mbili. Nawaambia ukweli, sijawahi kupiga picha nzuri kama zile. Nilikuwa na furaha, nilikuwa naimba.

Mama Tabu alipanda na beseni la dagaa kichwani. Akasimama. Akalitua beseni polepole, akatazama pale mawe yalipokuwa, nyasi zimelala na udongo mbichi, akanitazama mimi.

"Nani kayatoa?"

"Mimi, mama. Samahani, nilitaka picha tu. Nayarudisha sasa hivi."

"Utayarudisha wapi?"

"Si hapo hapo yalipokuwa?"

"Lipi hapo lilikuwa la kwanza?" akauliza. "Lipi la kumi?"

Sikujua. Aliokota moja nyasini akaliweka mikononi mwangu. "Haya, tazama. Jiwe la rangi hii umeliona wapi ufukweni hapa?"

Nikatazama ufukwe. Mawe yake yote yalikuwa ya kijivu, mviringo, yamelainishwa na maji. Nililoshika lilikuwa jekundu lenye kona kali. Lilikuwa jiwe la mashamba ya kwetu juu. Nimejikwaa kwenye mawe kama yale utoto wangu wote. Mimi Mfipa wa kuzaliwa nilishindwa kulitambua jiwe la kwetu.

Akanieleza akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Vita vilipokwisha, wapagazi walizikwa kwa pamoja kwenye mteremko ule, bila majina. Baadaye ndugu zao walianza kushuka kutoka juu. Kila ukoo ulibeba jiwe moja kutoka shamba la marehemu, ukaliweka kwenye safu. Halikuandikwa kitu, wengi hawakujua kusoma. Jiwe lilijulikana kwa mahali pake: hili la fulani, linalofuata la fulani, na watoto walifundishwa kuhesabu. Mpaka leo wapo wanaokuja, wanahesabu, wanamwaga unga kidogo, wanapanda zao. Mama Tabu mwenyewe alilijua moja tu, la babu wa mumewe, la mwisho kabisa kwenye safu.

"Mbona hukuniambia jana, mama?"

"Nilikuambia usiguse. Ulitaka nikuambie mara ngapi?"

Nikamwambia sasa kile nilichopaswa kumwambia jana: kwamba nimetumwa na bibi yangu, kwamba babu yake ni mmoja wao. Mama Tabu aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko angenitukana.

"Picha ya kwanza," akasema, "kabla hujayatoa, hukupiga?"

"Nilipiga, mama. Nikafuta."

Alivua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akaita wanawake wawili na yule mshona nyavu. Tuliingia majini hadi kifuani tukipapasa. Makubwa waliyapandisha wao, mimi wakaniachia madogo. Hadi saa saba mchana tulikuwa tumepata yote isipokuwa mawili, kwa hesabu ya Mama Tabu. Tukayapanga tena kwenye safu, vivyo hivyo, lolote popote. Kwa mbali ungesema hakuna kilichotokea.

"Wakija kuhesabu," Mama Tabu akasema, "watahesabu, na wataamini. Nitawaambia au nitanyamaza? Kaka, umeniachia mzigo."

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Sumbawanga

Njiani Osca alinisimulia bei za dagaa na mimi nikaitikia. Mjini nilikwenda moja kwa moja kwa kijana fundi wa kompyuta, nikamwambia kuna picha nimefuta, azirudishe, nitampa chochote. Alihangaika siku nzima.

"Bro, umepiga juu yake picha nyingi sana," akaniambia. "Imerudi moja, tena nusu."

Ilikuwa nusu ya juu. Maji, milima ya ng'ambo na mbingu. Pale mawe yalipoanza palikuwa na mistari ya kijivu tu. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya wateja.

Kaengesa tena

Nilichapisha ile nzuri kuliko zote, kubwa, nikaitia fremu. Nilijidanganya kwamba uzuri wake utatosha.

Bibi aliibeba mwenyewe hadi mlangoni kwenye mwanga. Aliisogeza, akaisogeza tena, hadi ikakaribia kugusa pua.

"Ni pazuri," akasema. "Sikujua. Maisha yangu yote nimemwonea huruma, kumbe kalala pazuri."

Nikashukuru kimoyomoyo. Halafu kidole chake kikashuka, kikafuata chini ya ukuta, polepole, kikaenda na kurudi.

"Na mawe je? Baba alibeba moja kutoka shamba hili hapa nyuma, begani, hadi kule. Alisema aliliweka la pili kutoka ukutani. Nilitaka nilione hilo."

Ningeweza kusema yamefichwa na nyasi. Asingejua, na jicho lile lisingepata nafasi ya kwenda kuhakikisha. Lakini nilishindwa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia Mama Tabu alivyonionya hadi nusu ya picha kwenye kompyuta.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kulalamika ambayo naionea haya hadi leo, kwa nini hakuniambia habari za mawe kabla sijaondoka.

"Nilijua utauliza wenyeji," akasema. "Mtu anakwenda kwa wafu bila kuuliza wenyeji?"

Aliniita nikae karibu. Akaiweka picha pembeni, imegeukia ukuta.

"Hayo mawe, yote uliyashika?"

"Yote, bibi."

"Basi na letu umelishika. Lete mikono."

Akashika viganja vyangu, akavipapasa kwa vidole vyake vile vya kuchagulia maharage, kimoja kimoja, bila haraka.

"Lilikuwa zito?"

"Zito, bibi."

"Ndivyo alivyosema baba," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Hakuviachia viganja hadi chai ilipoletwa.

Hiyo ndiyo habari ya picha mnayoniuliza. Na kwa kuwa nimeamua kusema yote, nimalizie na hili ambalo bibi halijui. Mawe madogo niliyashika kweli. Makubwa, yale ya mwanzo karibu na ukuta, niliyasukuma kwa mguu.